John Browning: Fundi wa Ogden ambaye bunduki zake zinanakiliwa hadi leo

TAKRIBAN miaka 100 tangu John Moses Browning aage dunia, viwanda vya Japani na Italia vingali vinaunda nakala za bunduki alizozibuni katika karne ya 19. Wanunuzi wa nakala hizo si wanajeshi. Ni wapenzi wa kulenga shabaha, wengi wao Wamarekani, wanaofurahia kusukuma wenzo ulio chini ya bunduki ili ganda tupu liruke nje na risasi nyingine iingie. Wengi wao hujitengenezea risasi hizo nyumbani.

Browning alizaliwa mjini Ogden, katika jimbo ambalo sasa ni Utah, mnamo Januari 23, 1855. Babake, Jonathan, alikuwa fundi wa bunduki na muumini wa kanisa la Mormon, mwenye wake watatu na watoto 22. Ni katika karakana ya mzee huyo, miongoni mwa vyuma chakavu, ambako kijana huyo alijifunza kazi. Masomo ya darasani aliyapata kwa uhaba.

Mnamo 1879 alipata hataza ya kwanza, ya bunduki iliyobeba risasi moja tu. Yeye na nduguze wakaanza kuiunda papo hapo Ogden. Habari zilifika mashariki mwa nchi, na mwaka wa 1883 Thomas Bennett, kiongozi wa kampuni ya Winchester, akasafiri hadi Ogden na kununua haki zote za bunduki hiyo kwa dola 8,000. Zilikuwa fedha nyingi kwa fundi wa mji mdogo. Hata hivyo, mapatano hayo yaliweka desturi: Browning angelipwa mara moja, kisha faida ya miaka yote ijayo ingekuwa ya kampuni.

Bunduki iliyomletea sifa ni ile ya wenzo ya mwaka wa 1886. Zile zilizoitangulia, hasa ya 1873, zilitumia viungo vilivyokunjika mithili ya goti, na zilifaa risasi ndogo pekee. Browning aliweka vyuma viwili vilivyopanda wima, kimoja kila upande, na kuifunga chemba barabara. Ndiposa iliweza kuhimili risasi ya jeshi iliyojulikana kama 45-70. Nambari ya kwanza ni upana wake kwa sehemu za mia za inchi. Ya pili ni uzani wa baruti nyeusi, greni 70, yaani gramu nne na nusu hivi.

Ganda la shaba ndilo sehemu ghali ya risasi, nalo halichakai kwa mlio mmoja. Kwa hivyo wawindaji wa enzi hizo walizoea kuyaokota maganda, na Winchester yenyewe iliuza vifaa vya kuyajaza upya. Fataki iliyotumika hutolewa na mpya kutiwa. Ganda hurudishwa katika umbo lake, baruti hupimwa, kisha kipande cha risasi hukandamizwa mdomoni. Walenga shabaha wa leo hufuata hatua zizo hizo.

Kuna mitego miwili, na yote miwili yaweza kugharimu jicho au maisha. Katika bunduki nyingi za wenzo, risasi hulala katika bomba chini ya mtutu, ncha ya moja ikigusa fataki ya iliyo mbele yake. Ncha iliyochongoka, bunduki inapotikisika, inaweza kuilipua fataki hiyo. Hii ndiyo sababu risasi zake huwa bapa nchani. Mtego wa pili ni baruti isiyotoa moshi, iliyoenea miaka ya 1890. Kiasi kidogo chake kina nguvu nyingi, na anayelijaza ganda pomoni kama alivyozoea kwa baruti nyeusi huipasua bunduki usoni pake.

Browning aliyaelewa mabadiliko hayo mapema. Bunduki yake ya 1894 iliwekewa mtutu wa chuma kilichochanganywa na nikeli mwaka uliofuata, ikafyatua risasi za baruti mpya, na zaidi ya milioni saba zimeundwa. Ile ya 1895 iliacha bomba na kutumia kisanduku, hivyo ikakubali hata risasi zilizochongoka.

Ni hii ya 1895 iliyofika kwetu. Rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, aliposhuka Mombasa Aprili 1909, aliibeba kwa ajili ya simba. Yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512 katika ziara hiyo ya Afrika Mashariki na maeneo ya Mto Naili. Kwa Mkenya anayejua kwamba uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka wa 1977, hesabu hiyo yasoma kama hadithi ya nchi nyingine.

Uhusiano na Winchester ulivunjika mwaka wa 1902. Browning alikuwa amebuni bunduki ya marisau iliyojijaza yenyewe, na safari hii alidai mrabaha. Bennett akakataa. Browning akaenda kwa kampuni ya Remington, lakini siku yenyewe ya kikao, Januari 8, rais wa kampuni hiyo, Marcellus Hartley, akafariki ghafla. Akavuka bahari hadi kiwanda cha FN nchini Ubelgiji, ambako alipata alichokitaka.

Bastola yake ya FN ya 1910 ndiyo iliyotumiwa Sarajevo mnamo Juni 28, 1914, kumuua Mwanamfalme Franz Ferdinand, na vita vikuu vikafuata. Marekani ilipoingia vitani, fundi aliyeiacha Winchester kwa sababu ya mrabaha alikubali dola 750,000 kwa silaha zake za kijeshi, kiasi kidogo mno kikilinganishwa na mrabaha ambao angestahiki.

Browning alifariki Novemba 26, 1926, akiwa na umri wa miaka 71, katika ofisi ya mwanawe Val kwenye kiwanda cha FN karibu na mji wa Liège. Moyo ulimsaliti kazini. Mwili ulirudishwa Ogden, na bastola aliyokuwa akiishughulikia ikakamilishwa na Mbelgiji Dieudonné Saive, ikaanza kuuzwa mwaka wa 1935.