Gary Kildall

Gary Arlen Kildall (Seattle, 19 Mei 1942 – Monterey, California, 11 Julai 1994) alikuwa mwanasayansi wa kompyuta na mfanyabiashara kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kuunda CP/M, mfumo wa uendeshaji ulioenea katika kompyuta ndogo kabla ya MS-DOS, na kwa kutenga mambo yanayohusu mashine katika sehemu yake pekee, inayoitwa BIOS.

Maisha ya awali

Familia yake iliendesha shule ya ubaharia mjini Seattle. Kildall alijiunga na Chuo Kikuu cha Washington akitaka kuwa mwalimu wa hisabati, lakini akavutiwa na kompyuta. Baadaye alifundisha katika chuo cha uzamili cha jeshi la majini huko Monterey. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1972.

CP/M na BIOS

Akiwa mshauri wa kampuni ya Intel alitunga PL/M, lugha ya kuandikia programu za mikroprosesa. Mwaka 1974 aliandika CP/M ili kusimamia faili kwenye disketi. Pamoja na mkewe Dorothy alianzisha kampuni ya Digital Research, iliyokuwa na makao yake Pacific Grove, California.

Siku zile kila kampuni ilitengeneza kompyuta kwa namna yake. Mwanzoni, CP/M ilipohamishiwa kwenye mashine nyingine ilibidi ifanyiwe marekebisho ndani yake. Katikati ya miaka ya 1970 Kildall aliigawa. Sehemu kubwa ilibaki ileile kwa mashine zote. Mambo ya mashine yenyewe, kama vile jinsi ya kusoma disketi au kupeleka herufi kwenye skrini na printa, yaliwekwa katika BIOS. Hivyo mtengenezaji aliandika upya sehemu hiyo ndogo tu, na programu moja ikaweza kutumika katika kompyuta za kampuni nyingi.

Hata hivyo mipangilio hiyo ilikuwa ndani ya programu, si katika faili ambalo mtumiaji angeweza kulisoma na kulihariri. MS-DOS 2.0 ya mwaka 1983 ilileta CONFIG.SYS, faili la maandishi linalosomwa kompyuta inapowashwa. Windows baadaye ilikusanya mipangilio mingi katika hifadhidata moja, Registry, wakati Unix na Linux huiweka katika mafaili ya maandishi ndani ya saraka ya /etc.

IBM

Mwaka 1980 IBM ilitafuta mfumo wa uendeshaji kwa ajili ya kompyuta yake binafsi. Mazungumzo na Digital Research hayakuzaa mkataba, na masimulizi kuhusu siku ile yanatofautiana. Microsoft ilichukua nafasi hiyo kwa mfumo ulionunuliwa kutoka Seattle Computer Products, ambao kwa nje ulifanana sana na CP/M. IBM ilikuja kuuza pia CP/M-86, lakini kwa dola 240, wakati PC-DOS iliuzwa dola 40. Wanunuzi wengi walichagua ya bei nafuu.

Miaka ya mwisho

Kildall alikuwa pia mtangazaji mwenza wa kipindi cha televisheni kuhusu kompyuta, Computer Chronicles. Mwaka 1991 Digital Research iliuzwa kwa Novell. Alifariki akiwa na umri wa miaka 52, siku tatu baada ya kuumia kichwani. Mwaka 2014 taasisi ya wahandisi IEEE iliweka bamba la kumbukumbu Pacific Grove kuitambua kazi yake. Jina la BIOS bado linatumika hadi leo.