John Gibbon, Aliyeupumzisha Moyo

Moyo wa binadamu haupumziki tangu mtoto akiwa tumboni mwa mama yake hata saa ya kufa. Ukisimama dakika chache tu, ubongo hukosa damu, na mtu amekwisha. Ndiyo sababu madaktari wapasuaji, waliokwisha thubutu kutibu kwa kisu karibu kila kiungo cha mwili, walichelewa sana kuufungua moyo na kuushona kwa utulivu. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za mtu aliyeufungua mlango huo.

John Gibbon alizaliwa mwaka 1903 katika mji wa Philadelphia, Marekani, katika ukoo wa madaktari. Kijana huyo alivutwa na uandishi, hata akafikiri kuyaacha masomo ya uganga. Baba yake, aliyekuwa mpasuaji, alimshauri ayamalize kwanza. Akatii, na mwaka 1927 akahitimu katika Chuo cha Uganga cha Jefferson.

Miaka michache baadaye alikuwa Boston akiendelea kujifunza. Mama mmoja aliyepasuliwa kwa ugonjwa wa nyongo alipatwa na bonge la damu iliyoganda, likaziba mshipa uendao mapafuni. Gibbon aliwekwa amwangalie usiku kucha, akipima mapigo ya moyo kila mara na kuziona nguvu za mgonjwa zikipungua. Hali ilipozidi kuwa mbaya, mkubwa wake, Daktari Edward Churchill, alifungua kifua na kulitoa bonge hilo kwa dakika chache, lakini mama huyo hakupona. Katika saa zile ndefu Gibbon alikuwa amepata wazo: damu itolewe mishipani, itiwe oksijeni nje ya mwili, kisha irudishwe, ili mgonjwa aishi wakati moyo na mapafu yake yanatibiwa.

Wengi hawakumtia moyo. Aliyeshika kazi pamoja naye ni mkewe, Mary, aliyekuwa fundi wa maabara. Fedha zilikuwa chache. Pampu moja waliinunua kuukuu, na usiku Gibbon alizunguka mitaani na gunia na chambo cha samaki, akitafuta paka wasio na mwenyewe. Mwaka 1935 waliubana kabisa mshipa uendao mapafuni mwa paka mmoja, na mtambo wao ukamweka hai.

Vita vikuu vilikatiza kazi hiyo, maana Gibbon aliingia jeshini. Mwaka 1946 alirudi Jefferson akiwa profesa, na wahandisi wa kampuni ya IBM wakamsaidia kuunda mtambo ulio bora. Damu iliyotoka katika mishipa mikubwa ilitiririka juu ya nyavu za waya, ikitandazwa nyembamba kama utando, ili iache hewa chafu na kupokea oksijeni. Kisha pampu ikairudisha mwilini. Dawa iitwayo heparini iliizuia isigande.

Mwaka 1952 alimpasua mtoto wa miezi 15, naye akafa, kwa kuwa kasoro yake haikuwa ile iliyodhaniwa. Tarehe 6 Mei 1953 aliletwa msichana wa miaka 18 aliyekuwa na tundu katika ukuta wa moyo. Kwa dakika 26 mtambo ulifanya kazi yote ya moyo na mapafu yake, wakati Gibbon akiliziba tundu hilo kwa kushona. Msichana akapona.

Dunia ilimsifu. Lakini mwezi Julai mwaka huohuo watoto wawili walikufa baada ya kupasuliwa kwa mtambo uleule. Hapo Gibbon, mwenye jina lililokwisha tangaa, aliamua kusimama. Aliona kwamba yako mengi yasiyojulikana bado, na kwamba haifai watoto wa watu walipie sifa zake. Yeye mwenyewe hakurudi tena kuupasua moyo. Daktari John Kirklin na wenzake wa Mayo Clinic waliutengeneza upya mtambo huo. Mwaka 1955 waliwapasua wagonjwa 8 wa kwanza, wakapona 4. Tangu hapo kazi ikaenea.

Gibbon aliaga dunia mwezi Februari 1973, kwa ugonjwa wa moyo. Leo mtambo wa namna hiyo hutumika duniani kote, hata Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ambako wazazi hungoja mlangoni hali mtoto wao amefunguliwa kifua.

Miaka ishirini na zaidi ya kazi yatufundisha saburi, nayo ni sifa kubwa. Lakini sisi twaona jambo lililo gumu zaidi: mtu kuiachia kazi ya maisha yake mikononi mwa wengine, kwa sababu uhai wa mgonjwa una thamani kuliko jina la daktari. Wazazi wanaongoja mlangoni wamewekwa chini ya deni kwa Gibbon, na kwa wale watoto watatu ambao hawakurudi nyumbani.