Alfred Wilm, mtu aliyeipa alumini ugumu

Vijana wengi hapa Pwani wanajitafutia riziki kwa kuchomelea milango na madirisha. Malalamiko yao nayajua: alumini ni kaidi. Waichomelea vizuri, kiungo chang'ara, khalafu yapinda au yakatika pale kando ya kiungo. Kwa hivyo leo nawasimulia maisha ya Alfred Wilm, maana jawabu limo ndani yake.

Wilm alizaliwa mwaka 1869 huko Silesia, iliyokuwa chini ya Wajerumani. Mwaka 1901 akaajiriwa katika kituo cha utafiti cha Neubabelsberg, karibu na Berlin. Jeshi lilitaka alumini ngumu ya kutengenezea maganda ya risasi. Wilm akachanganya alumini na shaba kidogo na magnesiamu, akaipasha moto mkali, akaitosa majini ghafla kama wafuavyo wahunzi wa chuma. Haikuwa ngumu. Lakini mwaka 1906 kipande kilichowekwa kando kilipopimwa tena baada ya siku chache, kilikuwa kigumu zaidi. Kilikuwa kimekomaa chenyewe, bila ya kuguswa na mtu.

Metali hiyo ikaitwa duralumini, kwa jina la mji wa Düren ulikotengenezwa. Ikajenga mifupa ya Zeppelin na ndege nyingi. Wilm mwenyewe aliiacha kazi ya metali mwaka 1919, akaenda kulima. Akafa mwaka 1937. Mwaka uliofuata, Guinier wa Ufaransa na Preston wa Uingereza, kila mmoja kivyake, wakaonyesha kwa eksirei kilichomo ndani: vikundi vidogo mno vya shaba vilivyojipanga kati ya alumini na kuizuia isiteleze.

Sasa tizama. Ugumu wa siku kadhaa, moto wa kuchomelea huuvunja kwa dakika moja. Vile vikundi huyeyuka au hunenepa vikawa havina kazi, na sehemu ya kando ya kiungo ikalainika. Ndiyo maana waunda ndege walipiga ribiti badala ya kuchomelea. Hata alumini ya madirisha yetu, ambayo ina magnesiamu na silikoni, hupata ugumu wake kwa njia hiyo hiyo.

Dawa ipo. Mwaka 1991, taasisi ya TWI ya Uingereza ilibuni njia ya kuunga kwa msuguano: pini yazunguka na kuikoroga metali bila ya kuiyeyusha, na chembe za kiungo zatoka ndogo na imara. Fundi asiye na mashine hiyo naye aweza kupunguza moto, kwenda haraka, kuchagua waya unaofaa, na kuweka kiungo mahali pasipobeba uzito mwingi.

Rai yangu ni hii: vyuo vyetu vya ufundi visiwafundishe vijana kushika moto tu. Viwafundishe pia moto huo unaifanya nini metali kwa ndani. Mlango ukikatika, mteja hailaumu alumini. Humlaumu fundi.