Sofia Kovalevskaya na Fumbo la Pia

Mtoto wa Makunduchi akiitupa pia yake kiwanjani, huiona ikisimama juu ya ncha, ikiyumbisha kichwa polepole, wala haianguki mpaka nguvu zake zimekwisha. Mchezo ni wa watoto, lakini hesabu ya mwendo huo iliwataabisha wataalamu wa Ulaya. Mwaka 1758 Euler alihesabu mwendo wa kitu kilichoshikwa katikati ya uzito wake. Mwaka 1788 Lagrange akaeleza pia iliyo sawa pande zote, kama hiyo ya watoto. Kisha miaka mia ikapita pasipo mtu kupata ya tatu.

Aliyeipata alikuwa mwanamke. Sofia alizaliwa Moscow mwaka 1850, binti wa jemadari wa mizinga. Nyumbani kwao karatasi za kupamba kuta zilipungua, ndipo chumba cha watoto kikabandikwa kurasa za masomo ya hesabu, naye akawa akisimama mbele ya ukuta ule saa nyingi, akizitazama alama asizozifahamu.

Siku hizo vyuo vikuu vya Urusi havikuwapokea wanawake, wala msichana hakuweza kusafiri pasipo ruhusa ya baba au mume. Basi mwaka 1868 akaolewa na Vladimir Kovalevsky, kwa mapatano kwamba apate kwenda kusoma. Berlin nako mlango ulifungwa. Lakini mwalimu Weierstrass alimjaribu kwa maswali magumu, na alipoyaona majibu akamfundisha peke yake miaka 4. Mwaka 1874 chuo cha Göttingen kikampa shahada ya udaktari. Aliporudi kwao, kazi aliyoweza kupewa ilikuwa kuwafundisha wasichana wadogo kujumlisha na kutoa! Msomaji na apime mwenyewe aibu hiyo ilikuwa ya nani.

Mwaka 1883 mumewe alikufa, akamwachia binti mdogo. Mwaka uo huo Sofia akaenda Stockholm, na mwaka 1884 akafanywa profesa.

Mwaka 1888 wataalamu wa Paris waliweka tuzo. Kila mshindani alificha jina lake ndani ya bahasha. Andiko moja lilihusu pia ambayo uzito wake umeelemea upande kwa kipimo maalumu, likawapendeza waamuzi hata tuzo ikaongezwa kutoka faranga 3,000 kufika 5,000. Bahasha ilipofunguliwa, jina lilikuwa la Sofia.

Alikufa Stockholm mwaka 1891, kwa homa ya mapafu, umri wake miaka 41. Pia ya nne, ambayo hesabu yake inafaa kwa kila namna ya kuitupa, haijapatikana mpaka leo.