Ubishi kuhusu bomu la Korea Kaskazini ulianza na babu huyu

Ukitaja Korea Kaskazini kwa kundi lolote la WhatsApp, ndani ya dakika mbili kuna mtu ataleta picha ya Kim Jong Un akicheka kando ya kombora. Halafu vicheko, halafu ubishi. Mmoja ataandika kwamba Marekani ingeipiga hiyo nchi kitambo. Mwingine atamjibu kwamba Gaddafi aliachana na mambo ya nyuklia, na sote tuliona alivyomalizwa. Huyo jamaa wa kwa picha hakuuanzisha ubishi huu. Aliurithi, pamoja na kiti, kutoka kwa babu yake Kim Il Sung. Sasa kaa nikusimulie huyo babu.

Jina alilozaliwa nalo ni Kim Song Ju. Alizaliwa Aprili 15, 1912, Mangyongdae, karibu na Pyongyang, kwa familia ya Kikristo. Ndiyo, Wapresbiteri, na usishangae: Pyongyang ya siku hizo ilikuwa na makanisa mengi. Japani ilikuwa imeimeza Korea tangu 1910, na kama familia nyingi za Wakorea, wazazi wake walivuka mpaka wakaingia Manchuria. Akiwa na miaka 17 hivi alitiwa ndani kwa kujihusisha na vijana wa kikomunisti, na masomo yakaishia hapo. (Mimi niliyeacha chuo sina ubavu wa kumcheka.)

Alipotoka aliingia msituni, akajiita Kim Il Sung, akapigana na Wajapani. Juni 1937 kikosi chake kilivamia mji mdogo wa mpakani unaoitwa Pochonbo. Walishika mji kwa saa chache tu wakatoroka, lakini jina lake likaingia magazetini. Kufikia 1940 Wajapani walikuwa wamewasaka wapiganaji wenzake karibu wote, naye akakimbilia Muungano wa Sovieti, ambako alipewa cheo cha kapteni.

Leo mtoto wa shule kule Pyongyang hufundishwa kwamba mzee huyu ndiye aliyeikomboa Korea. Ukweli ni kwamba Japani ilisalimu amri Agosti 1945 yeye akiwa kambini kwa Warusi. Mabomu mawili ya atomiki yalikuwa yamedondoshwa Hiroshima na Nagasaki, jeshi la Sovieti nalo likaingia Manchuria, na siku chache baadaye mambo yakaisha. Hebu jiweke kwa viatu vya mwanamume wa miaka 33 aliyepoteza ujana wake porini akipigana na hao Wajapani bila kuwaangusha. Sidhani hesabu ya aina hiyo humtoka mtu kichwani.

Sovieti walimrudisha kwa meli, wakampa nusu ya kaskazini, na Septemba 1948 nchi yake ikatangazwa. Miaka miwili haikuisha akaitaka na ile nusu nyingine. Alimbembeleza Stalin mpaka akakubali, na Juni 25, 1950 majeshi yake yakavuka kwenda kusini. Wacha niseme wazi, kwa sababu kuna watu mtandaoni hupenda kuiruka hii sehemu: vita vile alivianza yeye.

Jibu lake lilitoka angani. Ndege za Marekani ziliangusha Korea tani zipatazo 635,000 za mabomu, zaidi ya yale waliyoangusha kwenye vita vyote vya Pasifiki. Pyongyang ilibaki vifusi, na watu wakahamia chini ya ardhi. Novemba 1950 Rais Truman alikiri mbele ya waandishi wa habari kwamba kutumia bomu la atomiki lilikuwa jambo linalofikiriwa. Vita vilisimama Julai 27, 1953 kwa makubaliano ya kuacha kupigana tu. Mkataba wa amani haujatiwa saini hadi leo unaposoma hapa.

Kuanzia 1958 Marekani iliweka silaha za nyuklia Korea Kusini, na zilikaa huko hadi 1991. Halafu 1962 ukatokea mzozo wa Cuba. Khrushchev alipoondoa makombora yake kule, mzee aliona kwamba mkubwa anaweza kukuacha mataani siku yoyote. Alikuwa ameshawatuma vijana wake wanasayansi kusomea Sovieti. Kufikia 1965 kinu kidogo cha utafiti kilikuwa tayari Yongbyon, na 1986 kikaanza kufanya kazi kingine, kilichojengwa na wao wenyewe, chenye uwezo wa kutoa plutoniamu ya kutengenezea bomu.

Sasa, usije ukamwonea huruma sana. Wakati huohuo alikuwa anaifunga nchi yake kama sanduku. Wapinzani ndani ya chama walisafishwa mmoja baada ya mwingine. Raia walipangwa kwa madaraja kulingana na babu zao walikuwa upande gani. Kambi za wafungwa zikajaa, wengine wakifungwa na watoto wao. Redio ziliuzwa zikiwa zimefungwa kwa stesheni ya serikali pekee. Hata picha zake zilipigwa kwa upande mmoja, kwa sababu nyuma ya shingo alikuwa na uvimbe mkubwa ambao hakuna aliyetakiwa kuuona.

Nisichoweza kukipita ni mwaka wa 1994. Sovieti ilikuwa imesambaratika, China imefanya urafiki na Seoul, uchumi uko chini. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki waligundua kwamba hesabu ya plutoniamu waliyopewa haiingiani na walichokipima. Mzee akatishia kujitoa kwenye mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, kisha wataalamu wake wakaondoa kinuni fito 8,000 hivi za mafuta ya nyuklia. Plutoniamu iliyokuwa humo ingetosha mabomu kadhaa.

Dunia nzima ikabishana. Washington kulikuwa na mipango mezani ya kuipiga Yongbyon. Wengine wakasema zungumza naye, maana Seoul iko kilomita 50 hivi tu kutoka mpakani na mizinga yake inafika. Wengine walidai bomu ni la kubadilishana na chakula na mafuta, wengine kwamba hataliachilia kamwe. Wakazi wa Seoul walikimbilia madukani kununua mchele na tambi za kuweka akiba. Huko Pyongyang je? Raia ambao wangekuwa wa kwanza kufa hawakuulizwa kitu. Kwa redio ya stesheni moja utabishana na nani?

Juni hiyo Jimmy Carter, rais mstaafu, alienda Pyongyang akakaa na mzee, wakatembea kwa boti kwenye mto Taedong. Mzee akakubali kusimamisha mradi. Carter alipiga simu Washington kutoa habari hiyo wakati Clinton na maafisa wake wamekaa kikao kujadili kuongeza wanajeshi Korea. Ilikuwa karibu hivyo.

Wiki tatu baadaye, Julai 8, 1994, moyo wa mzee ulisimama. Alikuwa na miaka 82, na mwezi huohuo alipaswa kukutana kwa mara ya kwanza na rais wa Korea Kusini. Oktoba mwanawe Kim Jong Il akaweka makubaliano na Marekani. Njaa ikaingia, ikaua watu kwa mamia ya maelfu. Kufikia 2003 makubaliano yalikuwa yamekufa.

Bomu la kwanza lililipuliwa chini ya ardhi Oktoba 9, 2006. Siku hiyo, kwa mujibu wa katiba yao iliyorekebishwa 1998, rais wa milele wa nchi alikuwa bado Kim Il Sung, amelala ndani ya kioo pale Kumsusan, miaka 12 baada ya kufa.