Aniceti Kitereza (1896–1981): Mfasiri wa Riwaya Yake Mwenyewe

Aniceti Kitereza ni mtunzi wa riwaya ndefu ya Kikerewe aliyoikamilisha mwaka 1945. Riwaya hiyo ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1980, miaka 35 baadaye, na lugha iliyowafikia nayo wasomaji ilikuwa Kiswahili. Aliyeitafsiri ni yeye mwenyewe, akiwa mzee na mgonjwa. Alikuwa ameandika ili lugha ya kisiwa chake isipotee. Kitabu kilipochapishwa, lugha hiyo ilikuwa imebaki ndani ya mswada. Ndiyo maana maisha yake yana uzito wa pekee kwa kila anayesoma fasihi linganishi au kufanya kazi ya tafsiri.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Viktoria. Alikuwa wa ukoo wa watawala: Omukama Machunda, mmoja wa watawala mashuhuri wa Ukerewe katika karne ya 19, alikuwa babu yake. Baba yake alifariki Aniceti angali mdogo, naye akalelewa karibu na ikulu ya Omukama Mukaka. Huko alizisikia nasaba, hadithi, methali na taratibu za mazungumzo ya wakubwa. Aliyapata hayo kwa masikio kabla ya kujua kalamu, na hazina hiyo ndiyo aliyokuja kuiandika alipofikia utu uzima.

Wakati huo Ukerewe ilikuwa chini ya utawala wa Wajerumani, na Wamisionari wa Afrika, waliojulikana zaidi kwa jina la Mapadri Weupe, walikuwa wamefungua misheni Kagunguli. Kitereza alisoma katika shule ya misheni hiyo. Mwaka 1909 alipelekwa seminari ya Rubya, upande wa magharibi wa ziwa, katika nchi ya Wahaya. Alikaa huko hadi mwaka 1919. Katika miaka hiyo kumi alijifunza Kilatini, Kijerumani na Kiswahili, na alisoma maandiko ya dini na falsafa. Aliishi pia miongoni mwa watu ambao lugha yao ni ndugu wa Kikerewe. Kijana huyo alizoea kupima lugha moja kwa nyingine kila siku, na mafunzo hayo yalitangulia kwa mbali kazi yake ya tafsiri.

Hakuendelea hadi upadri. Mwaka 1919 alirudi Ukerewe na kumwoa Anna Katura. Ndoa yao ilikuwa na majonzi makubwa, kwa kuwa hakuna mtoto wao aliyeishi. Kwa desturi za jamii yao, mume katika hali hiyo angetarajiwa kuoa mke mwingine. Kitereza alibaki na Anna. Msomaji wa riwaya yake hana budi kulikumbuka jambo hilo, maana mgogoro wa riwaya nzima umejengwa juu yake.

Kwa miaka kadhaa Kitereza alifanya kazi mjini Mwanza kwa mfanyabiashara Mwitaliano. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza alirudi Kagunguli na kuitumikia misheni. Miongoni mwa waliomtia moyo aandike alikuwa Padri Almas Simard, mmisionari kutoka Kanada aliyevutiwa na lugha na mila za Wakerewe. Kitereza alikusanya hadithi, methali na habari za watawala wa kale, kisha akajaribu jambo kubwa zaidi: kuyaweka maisha yote ya jamii yake ya kabla ya ukoloni ndani ya kisa kimoja. Mswada huo ulikamilika mwaka 1945.

Kisa chenyewe ni cha mume na mke wanaopendana lakini hawana mtoto. Ndugu wa Myombekere wanamsimanga Bugonoka kwa utasa, na wazazi wa Bugonoka wanamchukua binti yao na kumrudisha nyumbani kwao. Myombekere hakubali kuoa mwingine. Anakwenda kwa wakwe zake kuomba arudishiwe mkewe, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, anahangaika kuipata, na hatimaye Bugonoka anarudi. Mganga Kibuguma anamtibu, naye anamzaa mvulana, Ntulanalwo, na baadaye msichana, Bulihwali. Katika kuusimulia mwendo huo mwandishi anaeleza kilimo, uvuvi, ujenzi, tiba, uchumba, misiba na adabu za wageni kwa wenyeji. Kwa sababu hiyo riwaya imesomwa pia kama kumbukumbu ya utamaduni, ingawa kinachoisukuma mbele ni swali la iwapo ndoa isiyo na mtoto inaweza kudumu.

Majina ya watoto yanaonyesha jinsi lugha chanzi inavyobana maana katika nafasi ndogo. Ntulanalwo ni sentensi kamili iliyogeuka kuwa jina, na maana yake ni kwamba mtu anaishi nacho siku zote. Kinachorejelewa ni kifo. Kifo hakitajwi, kinadokezwa tu na kiambishi cha upatanisho cha ngeli mwishoni mwa jina. Bulihwali ni swali: huzuni itakwisha lini? Mzungumzaji wa Kikerewe husikia mara moja kilio cha wazazi waliokwisha kupoteza watoto. Msomaji wa Kiswahili huona jina geni tu. Mfasiri akilitafsiri jina, mhusika anapoteza jina la mtu na kubaki na kauli. Akiliacha lilivyo, kauli inanyamaza. Kitereza aliyaacha majina kama yalivyokuwa, hata katika anwani ya kitabu: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali.

Mswada wa mwaka 1945 haukupata mchapishaji. Kikwazo kilikuwa idadi ya wasomaji, na ramani ya lugha za eneo hilo inakieleza vizuri. Mkolani, iliyo kando ya barabara ya kutoka Mwanza kwenda Shinyanga, na Kagunguli, iliyo ng'ambo ya maji, zimo katika eneo moja la ziwa na zimeunganishwa kwa vyombo vya majini na biashara ya miaka mingi. Kiisimu, hata hivyo, ziko mbalimbali. Mkolani ni nchi ya Kisukuma, ambacho katika uainishaji wa Guthrie kiko kanda F, nambari F.21. Kikerewe kimepewa nambari E.24 na kina undugu wa karibu na Kihaya na Kizinza. Zote ni lugha za Kibantu, lakini Msukuma wa Mkolani hawezi kusoma mamia ya kurasa za Kikerewe kwa kutegemea ujirani. Kwa hiyo kitabu kilihitaji tafsiri ili kimfikie jirani wa ng'ambo ya maji, mbali na msomaji wa Dar es Salaam au wa Ulaya.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanahistoria Mmarekani Gerald Hartwig na mkewe Charlotte walifika Ukerewe kwa utafiti na wakamfahamu Kitereza. Walitambua thamani ya mswada na kumhimiza autafsiri kwa Kiswahili ili uweze kuchapishwa. Charlotte Hartwig baadaye aliandika makala iliyomtambulisha Kitereza kwa wasomi wa fasihi ya Kiafrika. Kitereza alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka 70, na ugonjwa wa baridi yabisi ulikuwa umemlemaza mwili. Hata hivyo alikaa na kuiandika upya riwaya nzima kwa Kiswahili, zaidi ya kurasa 600 za chapa.

Mtu akijitafsiria kazi yake hudhaniwa kuwa na kazi nyepesi, kwa kuwa anajua alichokusudia. Kujua kusudio hakuondoi tofauti za mifumo ya lugha. Kikerewe ni lugha yenye toni. Kiswahili hakina toni ya kutofautisha maneno. Kikerewe kina njeo kadhaa za wakati uliopita, zinazotenga jambo la muda mfupi uliopita na la zamani. Kiswahili hutegemea hasa kiambishi -li-, na umbali wa wakati huelezwa kwa maneno ya ziada. Katika lugha nyingi za Maziwa Makuu, baba yangu, baba yako na baba yake hutajwa kwa maneno matatu yenye mashina tofauti. Kiswahili hutumia neno moja na kulifuatisha kimilikishi. Katika riwaya iliyojaa wakwe, mashemeji, wazazi na maamkizi ya heshima, tofauti za aina hiyo hugusa karibu kila ukurasa.

Kiswahili chenyewe hakikuwa lugha ya mama kwa Kitereza. Alikipata shuleni, seminarini na katika kazi, mbali na pwani. Kwa hiyo matini yake ya Kiswahili ina harufu ya bara: maelezo yanarefuka pale ambapo neno moja la Kikerewe lingetosha, na maneno ya Kikerewe yanaachwa yafafanuliwe na muktadha. Msomaji aliyezoea ufasaha wa pwani anaweza kuuita mtindo huo mzito. Mtafiti wa tafsiri atauona kama alama za lugha chanzi ndani ya lugha lengwa, na atazitumia kujua Kikerewe kilisimama wapi kabla ya kupisha Kiswahili.

Inafaa kumlinganisha Kitereza na mfasiri mwingine wa pande za ziwa. Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, mashariki ya Ziwa Viktoria, alikua na Kizanaki kabla ya Kiswahili. Alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare: Julius Caesar, iliyotoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi, iliyotoka mwaka 1969. Nyerere alichukua kazi iliyokwisha kuheshimiwa duniani na kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kuibeba. Kitereza alichukua kazi ambayo hakuna aliyeijua na kukiomba Kiswahili kiitambulishe. Kote kuwili Kiswahili kilikuwa lugha ya kujifunza, na kote kuwili kilipanuka kwa kazi hiyo.

Jirani zake wengine katika fasihi ya Afrika Mashariki walipita njia inayofanana na yake. Okot p'Bitek wa Uganda alitunga utenzi wa Lawino kwa Kiacholi, lakini tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1966, na matini ya Kiacholi ikafuata mwaka 1969. Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya alichapisha Caitaani Mũtharabainĩ kwa Kigikuyu mwaka 1980, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza mwaka 1982. Wote wawili waliona matini zao za asili zikichapwa. Kitereza hakuiona ya kwake. Tofauti nyingine ni lugha lengwa: wenzake walielekea Kiingereza, naye alielekea lugha nyingine ya Kibantu, ambayo kwa Mkerewe wa kawaida ilikuwa lugha ya shule, soko na serikali.

Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilikubali kukichapisha kitabu. Kazi ilichukua miaka. Toleo lina tarehe ya mwaka 1980. Nakala zilipigwa chapa China na zikasafiri kwa meli hadi Tanzania. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla ya kukishika kitabu chake mkononi. Tangu kuukamilisha mswada hadi kufa kwake ilikuwa imepita miaka 36.

Baada ya kifo chake riwaya ilisafiri. Wilhelm Möhlig, mtaalamu wa lugha za Kiafrika, aliitafsiri kwa Kijerumani kutoka Kiswahili, ikatoka katika vitabu viwili mwanzoni mwa miaka ya 1990. Tafsiri ya Kifaransa ilifuata katika muongo huohuo. Mwaka 2002 Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilichapisha tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa Miradi Bubu ya Wazalendo na mzaliwa wa Ukerewe. Ruhumbika aliurudia mswada wa Kikerewe na kutafsiri kutoka humo.

Kwa hiyo ulimwengu una njia mbili za kumfikia Myombekere na Bugonoka. Msomaji wa Kijerumani anawafikia kupitia Kiswahili cha Kitereza, yaani anasoma tafsiri ya tafsiri, ijapokuwa ile ya kwanza ina idhini ya mtunzi. Msomaji wa Kiingereza anawafikia moja kwa moja kutoka Kikerewe, bila ya maamuzi ambayo mtunzi mwenyewe aliyafanya alipokuwa akitafsiri. Mwanafunzi anayetaka kuzilinganisha matini hizo asianze kwa kuuliza ipi ni sahihi. Aanze na sentensi moja yenye jina la Ntulanalwo, aifuate katika kila lugha, na aandike pembeni ni wapi kifo kinasikika na ni wapi kimenyamaza.