Willem Einthoven, Munganga Aliyeandika Moyo kwa Umeme

Tulipojifunza galvanometa katika fiziki, wengi wetu tuliuliza: kitu hiki kitamsaidia nani? Basi mara hii tumemchagua Willem Einthoven.

Alizaliwa mwaka 1860 huko Semarang, kisiwani Java, wakati Waholanzi walipokitawala. Baba yake, munganga wa jeshi, alikufa mapema. Mwaka 1870 mama akahamia Uholanzi na watoto sita. Pesa ya masomo haikuwako. Kijana akatia sahihi kwamba atalitumikia jeshi, ili asomeshwe uganga. Lakini akiwa na miaka 25 tu akaitwa kuwa profesa kule Leiden, akabaki huko mpaka kufa.

Moyo ukipiga hutoa umeme kidogo sana, kama sehemu moja ya elfu ya volti. Waller, kule London, aliuonyesha mwaka 1887 kwa chombo cha zebaki. Lakini zebaki inachelewa, na mistari ilitoka imepotoka. Einthoven aliinyoosha kwa hesabu ndefu, kazi ya kuchosha kweli! Halafu akatengeneza chombo chake: uzi wa kwatzi, lile jiwe linalong'aa kama kioo, umepakwa madini ya fedha, mwembamba kupita unywele, katikati ya sumaku kubwa. Umeme wa moyo ukipita, uzi unasogea, na taa inatupa kivuli chake juu ya bamba la picha linalotembea.

Lakini ile mashini! Kilo karibu 270, vyumba viwili, watu watano wa kuiendesha, tena maji ya kupoza sumaku. Mgonjwa alitia mikono miwili na mguu wa kushoto ndani ya vyombo vya maji ya chumvi. Na mgonjwa mahututi atafikaje pale? Mwaka 1905 Einthoven akaiacha mashini mahali pake, akatumia waya wa simu kutoka hospitali, kilometa 1.5. Mgonjwa amelala kule, moyo wake unaandikwa huku. Sisi tunaona akili yake ilikuwa hapo zaidi kuliko katika uzi.

Alipewa zawadi ya Nobel mwaka 1924, akafa 1927. Wengine waliendelea kuipunguza mashini, na siku hizi iko ya kushika mkononi, hata ya kubandika kifuani kama plasta. Lakini munganga akisoma ile mistari, bado anatafuta herufi zile zile P, Q, R, S na T alizoziweka Einthoven.